Jumamosi Mbili Haziponyi Jiji

Afya ya miji yetu imekabidhiwa Jumamosi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia: maduka yanafungwa asubuhi, mtendaji wa kata anazunguka na daftari la faini, na viongozi wanapigwa picha wameshika mafagio mapya. Jumamosi ya pili ya mwezi tunakimbia. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na mikoa ikatakiwa kuwatoa watu nje wakanyooshe viungo. Siku zilizobaki za mwezi jiji linaendelea kuugua kama kawaida.

Nyuma ya Jumamosi hizi mbili kuna imani moja ambayo utaisikia redioni, kwenye semina na kwenye kila kikao cha halmashauri: elimu haijawafikia wananchi. Kipindupindu kikizuka, wananchi hawanawi mikono. Mafuriko yakija, wananchi wakaidi wamejenga mabondeni na kujaza mitaro taka. Mtoto akigongwa na bodaboda, hakufundishwa kuvuka. Shinikizo la damu likipanda, watu wamekuwa wavivu na wanapenda chipsi. Kwa imani hii mji wenyewe hauna kosa, kilichobaki ni kuwanyoosha waliomo.

Naipinga imani hiyo yote. Magonjwa makubwa ya miji yetu yamejengwa. Yamo kwenye ramani za barabara, kwenye mitaro isiyo na mwisho, kwenye mitaa iliyoachwa ijipange yenyewe, na kwenye bajeti zinazopitishwa bila daktari wala muuguzi mmoja kuulizwa. Tabia nyingi tunazozilaumu ni majibu ya watu wenye akili timamu kwa mji uliowanyima njia nyingine.

Anza na kipindupindu, maana ndicho kinachotajwa kwanza kila mara kama ugonjwa wa uchafu wa watu. Agosti 2015 kililipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Tarehe 9 Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi. Yeye mwenyewe akaonekana akiokota taka karibu na Ikulu. Hamasa kama ya siku ile haijawahi kuonekana tena, kuanzia wanafunzi na askari hadi mawaziri na wauza samaki wa Feri. Kama hamasa ingetosha, kipindupindu kingekoma ndani ya wiki chache. Kufikia mwanzoni mwa 2018 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000 Bara na Visiwani, na vifo zaidi ya 500. Fagio huondoa majani, chupa na makaratasi. Vimelea vya kipindupindu husafiri kwenye kinyesi kinachoingia majini, na huko fagio halifiki.

Kinyesi kinaingiaje majini? Nenda Tandale, Manzese au Vingunguti msimu wa masika, ukajionee kinachoitwa kutapisha choo. Nyumba ina vyumba sita au nane, kila chumba familia, na choo cha shimo kimoja uani. Shimo limejaa. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia kwa sababu uchochoro ni wa kupita watu wawili wakipishana kwa mabega, na mpira wake una mwisho. Hata likifika, malipo ya safari moja yanatosha kula wiki nzima. Mwenye nyumba anaishi kwingine. Basi ubavuni mwa shimo, juu kidogo ya usawa wa uchochoro, kuna bomba fupi lililozibwa kwa tambara na udongo. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu anatoka na kulizibua. Kila kitu kinashuka na maji ya mvua kuelekea mtaroni, mtaroni hadi kijitoni, na sehemu inazama kwenye mchanga kuelekea visima vifupi ambavyo majirani watachota asubuhi. Asubuhi hiyo hiyo bwana afya anapita na kipaza sauti kuwakumbusha wanawe mikono.

Niambieni, katika mnyororo huo ni somo gani linalokosekana? Aliyezibua bomba anajua fika kwamba ni hatari, ndiyo maana amengoja giza. Mpangaji anajua. Mama mwenye kisima anajua, ndiyo maana anachemsha maji siku anayokuwa na mkaa wa kutosha. Elimu imewafikia zamani. Gari la majitaka ndilo ambalo halijawafikia, na haliwezi kuwafikia kwa sababu hakuna aliyewachorea njia.

Watetezi wa elimu watanijibu kwa historia, na historia yao ni nzuri. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo jina lake limefufuliwa hivi karibuni. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni na kujadiliana. Matokeo yake yalisifiwa duniani. Lakini tazama yalikuwa matokeo gani: vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, visima vikasafishwa. Kampeni ilifaulu pale somo lilipogeuka jembe mkononi mwa mtu mwenye ardhi ya kuchimba. Mwanakijiji aliyeelewa jioni, kesho yake alikuwa na mahali pa kulitekeleza somo. Mpangaji wa Manzese aliyeelewa jioni, kesho yake anaamka kwenye chumba kile kile, na uani hakuna hata hatua tatu za ardhi tupu. Kumhubiria huyu kwa maneno ya 1973 ni kumdhihaki.

Ipo historia nyingine ya pwani yetu ambayo haitajwi kwenye semina. Mwaka 1869 na 1870 Zanzibar ilipigwa na kipindupindu kibaya mno, kiasi kwamba daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka 1876. Sayyid Barghash bin Said alishika usultani mwaka 1870, maiti zikiwa bado hazijasahauliwa. Katika utawala wake maji ya chemchemi za nje ya mji yalivutwa kwa mabomba hadi mjini. Alijua, kama wajenzi wa miji ya kale ya Gedi na Songo Mnara walivyojua karne nyingi kabla yake walipoweka vyoo na sehemu za kuogea ndani ya nyumba za mawe, kwamba usafi unaanzia kwenye kuta na maji. Kwa hiyo anayesema usanifu wa mji kwa ajili ya afya ni mawazo ya wafadhili wa Ulaya, haijui pwani yake.

Kilicholetwa kutoka nje ni ile lawama. Mwaka 1913 na 1914 Profesa W. J. Simpson alizunguka Afrika Mashariki kwa niaba ya serikali ya Uingereza, akapendekeza miji igawanywe kwa rangi kwa sababu za kiafya: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati uwanja mtupu. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi kutenganisha Waafrika na wengine. Mabomba, taa na miti vikaenda upande mmoja. Upande wa pili ukaambiwa kwamba una tabia chafu. Afya na mipango miji vilikaa meza moja wakati huo, ila vilikaa ili kutenga watu. Uhuru ulipokuja tulifuta mpaka wa rangi na tukafanya vyema. Hukumu hatukuifuta. Afisa wa leo anayesema watu wa uswahilini hawana ustaarabu anarudia ripoti ambayo huenda hajawahi kuisoma.

Sasa njoo Bonde la Msimbazi, ambako hukumu hiyo hutolewa kwa sauti kubwa kuliko kote. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Waliookolewa walihamishiwa Mabwepande, wengi wakarudi kwa sababu Mabwepande iko mbali na kila kibarua. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za bondeni zilipigwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Sheria ya mazingira ya 2004 ipo wazi: mita 60 kutoka kingo za mto haziguswi. Wakaidi wa mabondeni, magazeti yakaandika. Lakini karakana kuu ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale pale Jangwani, ndani ya bonde lile lile, ilijengwa na mkaidi gani? Mabasi yakaanza kutoa huduma Mei 2016. Masika yalipokuja maji yakaingia karakana, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani mara kwa mara. Waliokaa mezani wakaidhinisha eneo lile walikuwa na shahada za uhandisi. Hakuna aliyependekeza wapelekewe elimu.

Wote wawili, mkazi na mhandisi, walikwenda bondeni kwa sababu ile ile: pale ndipo palipobaki ardhi karibu na katikati ya jiji. Watu wanakaa mabondeni kwa hesabu ya nauli. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, hatimaye unalitazama bonde lenyewe: mto kuongezewa nafasi, daraja la Jangwani kuinuliwa, eneo la chini kugeuzwa bustani ya kupokea mafuriko. Huko ni kukubali kimyakimya kwamba kero ilikuwa ardhi na maji. Swali lililobaki ni kama waliohamishwa watapata makazi yenye kazi jirani, au watapewa Mabwepande nyingine.

Barabarani hali ni ile ile. Kila wiki ya nenda kwa usalama watoto wanafundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Somo zuri. Lakini mtoto wa miaka saba anayesoma shule iliyo kando ya barabara kuu, isiyo na njia ya miguu wala tuta, akitazama kulia na kushoto mara kumi ataendelea kuona magari yasiyosimama. Shirika la Amend lilichukua njia nyingine. Katika maeneo ya shule za msingi jijini lilijenga matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari, na pengine likahamisha hata geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Masomo darasani yalikuwepo pia. Utafiti uliolinganisha maeneo hayo na mengine yasiyoguswa ulionyesha majeruhi kupungua kwa takriban robo. Mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019. Dunia ilikuja Dar es Salaam kujifunza kuhusu tuta na geti, sisi tukabaki na kampeni za vipeperushi.

Na hayo mazoezi? Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, karibu mtu 1 kwa kila 4 alikuwa na shinikizo la damu, na karibu 1 kwa kila 11 alikuwa na kisukari. Takwimu hizo zinatisha, na zinadai jibu kubwa kuliko fulana za mbio. Vikundi vya jogging vya Temeke na Ilala vinatoka alfajiri vikiwa na filimbi na bendera nyekundu mbele, vinakimbia kwenye lami, katikati ya magari. Wanaimba, na dereva wa daladala anapiga honi nyuma yao. Hao ndio watu wavivu tunaoambiwa. Wana nia, wana sauti, wana viatu, hawana mahali. Viwanja vya wazi vimegawanywa vikawa vituo vya mafuta na maghorofa. Njia za miguu, zilipo, zimegeuka maegesho. Mji unaomwezesha mtu kutembea salama kwenda kazini unampa mazoezi siku sita za wiki bila hotuba. Pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, mradi wa mwendokasi uliacha njia ya miguu na ya baiskeli, na watu wanaitumia bila kuzinduliwa na mtu. Kilomita chache mbele, Kimara hadi Kibaha, tulipanua barabara hadi njia nane, na mama mwenye ndoo ya maandazi anavuka zote nane kwa kukimbia. Hayo nayo ni mazoezi, sijui kama ndiyo yaliyokusudiwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: mbona hata panapowekwa mtaro mzuri watu wanaujaza taka? Ni kweli wanaujaza. Kijana wa mkokoteni analipwa na kaya kuchukua taka, lakini dampo la Pugu Kinyamwezi liko mwisho wa jiji, na mkokoteni haufiki Pugu. Kama hakuna kizimba cha kati ambapo atamwaga na gari la halmashauri lipakie, atamwaga mahali pa kwanza pasipo na macho, na mahali hapo kwa kawaida ni korongo au mtaro. Mtaro uliojengwa bila kizimba umejengwa nusu.

Tunao pia ushahidi wa tabia kubadilika, na ulikuja kwa njia gani? Miaka nenda rudi tulielimishwa kuhusu mifuko ya plastiki, na mifuko ikaendelea kuziba mifereji. Tarehe 1 Juni 2019 ikapigwa marufuku. Katika muda mfupi watu walikuwa wanabeba vikapu na mifuko mbadala. Hakuna aliyeamka siku hiyo akiwa raia mwema kuliko jana yake. Kilichobadilika ni kile anachokabidhiwa na muuza duka. Tabia ilifuata, tena kwa haraka iliyowashangaza hata waliopinga.

Hapo mtu atanikatiza kwa Kigali. Hakuna mjadala wa usafi Tanzania unaokwisha bila Kigali. Wenzetu wana nidhamu, wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tumeiga Jumamosi yao na kuacha yaliyobaki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu. Barabara za Kigali hufagiliwa kila siku na wafagiaji wanaolipwa. Ina njia za miguu pande zote mbili za barabara zake kubwa. Mwaka 2015 ilifunga mtaa wa katikati ya mji usipite magari. Mwaka 2022 ilifungua Nyandungu, ardhi oevu iliyokuwa imeharibika, sasa bustani ya zaidi ya hekta 100 inayopokea maji ya mvua. Kigali ina makosa yake, na wachuuzi waliofukuzwa barabarani wanayajua kuliko mimi. Hata hivyo anayetazama usafi wake na kuona nidhamu tu, ametazama fagio akasahau mshahara wa anayelishika.

Linabaki jibu la mwisho, ambalo hutolewa kwa sauti ya masikitiko: hatuna fedha. Tunazo, na tunazitumia. Tunazitumia kwenye dripu, kwenye upasuaji wa miguu iliyovunjika, kwenye dawa za presha za maisha yote. Kaya isiyo na bomba inanunua maji ya dumu kwa bei ya juu kuliko yule wa Masaki anayemwagilia bustani. Na si kila suluhisho ni la mabilioni. Vingunguti kumejengwa mtandao rahisi wa majitaka ambao wakazi wenyewe walishiriki: mabomba membamba, yaliyolazwa kina kifupi, yanapita uani kwa nyumba na nyumba hadi kwenye mfumo mkubwa. Hayahitaji gari kuingia uchochoroni. Tuta mbele ya shule linajengwa kwa siku chache. Kizimba cha taka ni zege na banda. Vitu hivi havikatiwi utepe kwa fahari kama daraja la juu, na nashuku hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchelewa kwavyo.

Sisemi elimu itupwe. Mama aliyefundishwa kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono ataokoa wanawe, mradi kuna maji ya kutia ndani yake. Elimu ina kazi pale ambapo mtu ana uwezo wa kuchagua. Kazi ya halmashauri ni kumpa uwezo huo, na inapohubiri badala ya kujenga inakwepa wajibu kwa kumtwika lawama anayeumia. Kila ramani ya barabara, kila kibali cha kujaza kiwanja cha wazi, kila mchoro wa mradi wa makazi upitie mikononi mwa mganga mkuu wa wilaya, naye aseme kwa maandishi ni nani atakayeugua au kugongwa kwa sababu yake. Sheria ya mipango miji tunayo tangu 2007 na ya afya ya jamii tangu 2009. Zimeishi nyumba moja bila kusalimiana.

Nawe msomaji, Jumamosi ijayo ukiamriwa kutoka, toka ufagie, hakuna ubaya. Ila diwani akija kupigwa picha, muulize mbele za watu: mtaro huu unaishia wapi, gari la majitaka litapitia njia ipi, kizimba cha taka kiko wapi, shule ya mtaa huu itapata tuta lini, na ni shilingi ngapi zimetengwa mwaka huu kwa hayo manne. Akikujibu kwamba wananchi wanahitaji elimu, mwambie unayo, na usimpigie kura.